Umewapa Tarehe Gani?

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Kila alfajiri nikiwaombea ndugu, nikifika kwenye mgongo wako nasimama kidogo, maana nakujua, unainua mtambo mzima peke yako halafu unasema si kitu. Wifi na watoto hawajambo? Waambie shangazi yao anawauliza. Huku tu wazima, namshukuru Mungu. Mama macho yamefifia zaidi ila masikio yamekuwa makali ajabu. Jana nilifungua kopo la sukari jikoni, akaniuliza kutoka sebuleni, "Kijiko cha ngapi hicho?" Mpwa wako amepandishwa cheo pale maabara, sasa ana koti jeupe lenye mfuko wa kalamu. Shemeji yako kikohozi chake bado anacho na dawa bado hataki.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu, kila nikikuuliza jambo zito, mtandao wako unakatika.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepokea barua kutoka kwa yule mama anayeendesha mashindano ya gofu ya hisani kule kwenye klabu ya mlimani, yale ya kuchangia viti vya magurudumu. Tunamwita Mama Miwani, maana ana miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Anasema amekusanya waandaaji wa klabu sita, watakuwa wakikutana kila mwezi kusaidiana, kila mtu aeleze anavyofanya ili mashindano yetu yote yawe bora. Ananiomba nije na tarehe ya mashindano yangu ya mwaka huu, na nije tayari kuwaeleza wenzangu namna ninavyofanya kazi.

Wewe ungeniuliza kuna ubaya gani. Mdogo wangu, mtu akishindana nawe kwa wachezaji walewale na wafadhili walewale, halafu siku moja anakualika chai akuulize siri zako, utakwenda ukicheka? Mwaka jana walinijia watu arobaini na mmoja tu kwenye nafasi sabini na mbili. Msimamizi wa hospitali ameniambia wazi: mwaka huu tusipojaza uwanja, ile Nyumba ya Mama tunayoichangia, nyuma ya wodi ya watoto, itafanywa stoo ya vitanda vibovu. Vyumba vinane. Mimi nililala chumba cha tano usiku arobaini na tatu, unakumbuka, ukiniletea nguo safi kwa baiskeli. Bila chumba kile ningelala kwenye benchi nje na mtoto ana mirija puani. Ndiyo maana nimeyashikilia mashindano haya kwa meno.

Lakini kilichoninyima raha ni mstari mmoja mwishoni mwa barua yake. Ameandika, "Tumesikia sifa za daftari lako." Daftari gani? Lile ambalo nimeandika kila mchezaji na mambo yake, nani goti lake bovu apewe kigari, nani na nani waligombana wasipangwe kundi moja, nani akishindwa hununa mpaka asifiwe kofia. Daftari lile tunalijua watatu, mimi, wewe na Mungu. Na Mungu hasemi ovyo.

Nani amemwambia?

Nijibu, mdogo wangu. Dada yako.


26 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasi hatujambo. Mgongo unaendelea vizuri, ukiacha asubuhi, jioni na wakati wa kuinama. Wifi yako anakusalimu sana. Watoto wanakua, viatu havidumu. Mpe Mama pole ya macho, na umwambie kijiko kilikuwa cha tatu, nakujua. Mwambie mpwa wangu nampa hongera, na hiyo kalamu ya mfukoni asimwazime mtu.

Kuhusu mwaliko wa Mama Miwani, nakushauri uende. Mimi nimeona waandaaji wengi wakifanya kazi kila mmoja amejifungia chumbani kwake. Wanachapisha mabango yaleyale, wanamfuata mfadhili yuleyule wiki moja, mpaka yule mfadhili akiona mtu ameshika bahasha anapitia mlango wa nyuma. Wachezaji nao wanachoka. Hotuba ndefu, kungoja kila shimo, zawadi ileile ya mwavuli. Kuna mambo mtu hawezi kuyaona akiwa peke yake. Nenda, usikilize. Usipopenda, chai umekunywa.

Mashindano yetu huku yanaendelea kama kawaida.

Umechagua tarehe gani mwaka huu? Na wao ukifika utawapa tarehe gani? Niambie.

Barua zako usizitume tena klabuni, karani wa pale anaziweka ovyo. Tumia anuani niliyoandika nyuma ya bahasha, ni ya kinyozi rafiki yangu.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo, Mama tu alianguka bafuni lakini hakuumia, alikasirika zaidi kuliko kuumia. Amekataa katakata kushikwa mkono. Anasema yeye si kigari cha gofu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umejibu habari ya mgongo, ya watoto, ya kijiko cha sukari. Nilichokuuliza, nani amemwambia Mama Miwani habari za daftari langu, hukugusa hata kwa kidole. Nikasema labda amesahau. Nikaisoma tena, nikaona hukusahau.

Mkutanoni nimekwenda. Chumba kiko ghorofa ya kwanza juu ya duka la viatu, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kusitasita. Tulikuwa sita. Mama Miwani mwenyewe. Mwalimu Mstaafu, anayeandaa ya maktaba za shule, mwenye sauti ya kuita mahudhurio. Mfamasia, yeye yake ni ya chanjo, anaandika kila neno unalosema kwenye kijitabu kidogo halafu anakiweka mfuko wa ndani. Wengine wawili ni watu wa kutabasamu tu. Hakuna aliyeweka mkoba wake chini. Wote tulikaa tumeupakata kama mtoto.

Mama Miwani akasema, "Jamani, karibuni, tuwe huru."

Mwalimu Mstaafu akasema, "Tuanze na wewe mwenyeji. Uhuru huonyeshwa kwa mfano."

Basi akaanza. Kusema kweli alisema mambo mazuri, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Alisema yeye ameacha kuwaanzisha wachezaji kundi moja moja, sasa kila kundi linasimama kwenye shimo lake na wote wanaanza kwa pamoja, kwa hiyo wanamaliza pamoja na hakuna anayeondoka kabla ya kusikia habari za viti vya magurudumu. Nikamwambia mimi nafanya hivyo miaka sita sasa, napiga kengele. Akasema, "Ndiyo, Mama Kengele, tumesikia." Tumesikia! Kila kitu wamesikia. Nani anawasikilizisha?

Akasema pia hotuba ziwe za dakika tano, na badala ya mgeni wa heshima aseme mtu mmoja aliyesaidiwa. Mfamasia akaandika. Mimi nikaandika kichwani, sikutaka waone nimependa.

Kisha akasema tatizo letu kubwa ni kugongana tarehe. Tuandike tarehe zetu kwenye karatasi, yeye atazipanga kwenye kadi moja ya msimu mzima, ichapwe, isambazwe kwa wachezaji wa klabu zote sita. Nikawaza, vizuri sana, nikupe siku yangu uilalie. Nilimwona Mwalimu Mstaafu amefunika karatasi yake kwa mkono kama mtoto wa darasa la pili. Nami nikafunika yangu.

Tarehe niliwapa. Tarehe gani, utaijua ukinijibu nilichokuuliza. Na wewe kwa nini unaitaka sana? Umeniuliza mara mbili katika barua moja.

Na huyo kinyozi ni nani?

Dada yako anayekupenda lakini anayeona.


9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi, nyasi zinakua usiku na mchana. Pole sana kwa Mama. Mwambie vigari vya gofu vinashikwa vizuri kuliko yeye. Wifi yako anauliza kama kikohozi cha shemeji kimepungua, anasema akatae dawa lakini asikatae tangawizi.

Nimefurahi umekwenda. Nimefurahi zaidi ulivyoyasikia yale ya hotuba na ya kuanza pamoja. Dada, pale kuna watu wazuri. Wanaogopa tu, kama wewe.

Kinyozi ni kinyozi. Ananyoa watu.

Nakuomba kwa heshima zote unijibu hili moja na mengine tutayazungumza. Umewapa tarehe gani? Usiniulize kwa nini. Kama uliyowapa ndiyo yenyewe, sawa, nitalala. Kama siyo, warudie upesi kabla kadi haijatoka.

Mdogo wako.


21 Aprili

Kwako,

Salamu zipo, nimezitoa mwanzoni ili yanayofuata yasikuzuie kuzipokea.

Jumanne nilikwenda kwa Bwana Matairi, yule mwenye duka la magurudumu ambaye bango lake hukaa shimo la tatu kila mwaka tangu nianze. Nikamkuta juu ya ngazi anapanga mali. Nikamwambia nimekuja kwa lile bango letu. Akacheka, akasema, "Mama Kengele, nyie ukoo mzima mmeamua kunila? Juzi alikuja kaka yako."

Nikamwambia sina kaka, nina mdogo wangu, na yuko mbali.

Akasema, "Huyohuyo, mwenye mgongo. Alikaa pale." Akanionyesha tairi la lori limelazwa chini. "Alikunywa chai vikombe viwili. Aliniuliza kama mwaka huu nitaweka bango, na kama nina wenzangu wa biashara wanaopenda gofu. Akachukua majina manne."

Mdogo wangu, nilishika ngazi ya watu. Umekuja mji wangu. Umekaa dukani kwa mfadhili wangu, kilomita mbili kutoka kwa mama yako asiyeona vizuri, ukanywa chai vikombe viwili, ukachukua majina, ukaondoka. Hata kubisha hodi! Mama angekutambua kwa nyayo tu.

Halafu bahasha yako ya mwisho nimeiangalia kwa makini. Muhuri wa posta si wa mji wako. Ni wa mji wa klabu ya mlimani. Wa Mama Miwani.

Sasa nimeelewa nani amesimulia daftari. Nimeelewa kwa nini unaililia tarehe. Mnataka siku yangu, wafadhili wangu na watu wangu, na wewe ndiye mlango waliopitia. Sijui wamekupa nini. Nimeomba sana nisiseme neno hili, na Mungu ameniona nikiomba, lakini kalamu imenishinda. Umeniuza.

Mkutano wa Aprili sikwenda, na huo wa Mei nitakwenda ili tu niwaangalie usoni.

Usinijibu habari za mgongo. Nijibu mambo matatu. Uko wapi? Nani alisema habari za daftari? Yale majina manne ni ya nini?


30 Mei

Mdogo wangu,

Wiki tano na zaidi hujajibu. Sijui kama u mzima. Mama anauliza kila Jumapili kama posta imefungwa, nami namwambia posta ina foleni.

Nilisema sitakuandikia tena. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo baya na sina mwingine wa kumwambia. Shemeji yako atanihubiria, na mpwa wako atahuzunika.

Jana kwenye mkutano Mama Miwani alitugawia zile kadi za msimu. Nzuri kweli, ngumu, zina mstari wa kijani pembeni. Zimeshapelekwa kwenye klabu zote sita, kila mchezaji amepata yake. Nikatafuta klabu yetu. Tarehe 11 Julai. Ndiyo niliyowapa. Sasa nakuambia, tarehe yangu si hiyo. Mashindano yangu ni tarehe 18, uwanja umewekwa kwa siku hiyo, na tarehe 11 wenye klabu wana shindano lao wenyewe, hapaguswi. Niliwapa ya uongo ili atakayetaka kunilalia akose. Nilifikiri nitawaambia wachezaji wangu mwenyewe, mmoja mmoja, kimyakimya.

Nikawa bado najipongeza moyoni. Ndipo macho yakashuka mstari mmoja. Tarehe 18 Julai, klabu ya mlimani, viti vya magurudumu. Siku yangu! Nikasimama mpaka kiti kikaanguka. Nikasema, "Nilijua! Mmeichukua!"

Mama Miwani akavua miwani ya machoni, akasahau kuvaa ile ya kichwani, akawa ananitazama bila kuniona vizuri. Akasema, "Mama Kengele, tarehe 11 ilikuwa yetu tangu mwaka juzi. Nilipoona wewe umeandika 11, nikasema wewe una nyumba inayotaka kufungwa, mimi viti vyangu vinaweza kungoja. Nikasogea wiki moja mbele ili uwe na Jumamosi yako peke yako."

Nikasema asante. Nikaokota kiti nikakaa. Nilimwambia asante, na uongo bado uko mezani umechapwa kwa rangi!

Mpaka leo walioandikisha kwangu ni kumi na tisa. Nikiwapigia wengine wananiambia, "Lakini kadi inasema 11, tarehe 18 nimeshaahidi mlimani." Wiki saba zimebaki. Nikinyamaza, Nyumba ya Mama inakuwa stoo kwa mkono wangu mwenyewe. Nikisema, nitakuwa yule mama anayesali sana halafu anadanganya watu waliomkaribisha chai.

Sikuombi msaada. Hasira yangu kwako bado iko palepale. Niambie tu kama u hai.

Dada yako.


6 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mzima. Mgongo uliniangusha wiki tatu, lakini siufanyi sababu. Sababu ni aibu. Wifi yako na watoto wazima, wako hapa nami. Naomba usimsomee Mama barua hii mpaka mwisho, halafu umsomee yote.

Uliuliza nani alisema habari za daftari. Ni mimi.

Uliuliza niko wapi. Niko klabu ya mlimani tangu mwaka juzi. Si msimamizi wa uwanja tena. Natengeneza mashine za kukata nyasi, banda langu liko nyuma ya bwawa, na kinyozi yuko kule nilikotoka, ndiye anayenitumia barua zako.

Mashindano yangu hayaendelei kama kawaida, dada. Yalikufa. Unakumbuka yale ya basi la shule ya watoto wasiosikia. Mwaka ule tarehe niliificha mpaka dakika ya mwisho, nikaogopa watu wasinichukulie wafadhili. Klabu ya jirani nayo ikaficha. Tukaangukia siku moja bila kujua. Walikuja wachezaji kumi na mmoja. Viti mia mbili vimepangwa, mahema matatu, mabango yanapigwa na upepo, na watoto wa ile shule wamevaa sare mpya wamekaa mstari wa mbele wakingoja watu. Mwalimu wao aliniuliza kwa ishara, wengine wako njiani? Nikamjibu kwa ishara, ndiyo. Mpaka leo watoto wale wanakwenda shule kwa miguu. Nikaacha kazi mwezi uleule. Nyumbani sikusema, kwa sababu Mama alikuwa ameshawaambia majirani kuhusu basi.

Nilipofika hapa nikamweleza Mama Miwani yaliyonipata. Nikamwambia waandaaji wakae meza moja, waonane uso kwa uso. Nikamwambia yuko dada yangu mwenye daftari ambalo lingewafunza wote, maana yeye huwapanga watu na siyo majina. Nilijisifu kwa kitu chako bila ruhusa yako. Hilo nisamehe. Kwenye mikutano siji kwa sababu ungeniona na ovaroli.

Kwa Bwana Matairi nilikwenda kukuombea. Yale majina manne ni watu waliokubali kuja kucheza kwako. Kwa Mama nilifika mpaka getini. Nilimsikia anakohoa, nikarudi. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Sasa lililo zito. Tarehe yako nilikuwa naijua. Mpwa wangu alitoka wodini tarehe 18 Julai, na tangu uanze mashindano umekuwa ukisema, mwaka ambao siku ile itaangukia Jumamosi, utaiweka kengele mkononi mwake aipige yeye. Ni mwaka huu. Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka kadi kwa mpiga chapa. Niliishika mkononi kabla haijachapwa. Nikaona 11, nikajua umedanganya. Ningemwambia Mama Miwani pale pale ingesahihishwa. Lakini ningemwambia, wewe ungeuliza amejuaje, na yangu yote yangetoka. Nikakuandikia ile barua ya kukusihi, nikasubiri siku moja, nikaipeleka kadi ilivyo.

Kwa hiyo ulidanganya wewe, na mimi nikaupeleka uongo wako kiwandani kwa miguu yangu.

Kamwambie Mama Miwani mwenyewe. Sitakusemea. Nimekusemea vya kutosha.

Mdogo wako.


17 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama nimemsomea yote, kama ulivyosema. Nilipofika pale getini akaniinulia mkono nisimame. Akasema, "Alikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nilisikia geti. Nilidhani ni muuza mkaa amebadilisha viatu." Kisha akaniambia nikuandikie kwamba yeye hakuzaa basi, alizaa mtoto.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Nimeiombea ipungue na imepungua mpaka hapa kifuani, ilikuwa hapa shingoni. Miaka miwili unanisalimia kutoka mji mwingine! Na bado kila nikisoma "wifi yako anakusalimu" najiuliza kama kweli alinisalimu au ulimtungia.

Mkutano wa Juni ulikuwa wiki iliyopita. Niliomba njiani kote. Nikasimama kabla ya chai kwa sababu nilijua nikinywa nitakaa. Nikasema, "Tarehe 11 niliyowapa ni ya uongo. Yangu ni 18. Niliogopa mtaichukua, na Mama Miwani aliniachia yake kwa wema, akaangukia juu yangu. Nisameheni."

Feni ikazunguka, ikasita. Nikamwona Mfamasia ameacha kuandika.

Kisha Mwalimu Mstaafu akanyanyua mkono, kidole kimoja, kama mwanafunzi. Akasema, "Na mimi."

Mama Miwani akasema, "Na wewe nini?"

"Ya Agosti ile. Siyo yenyewe. Yenyewe ni Septemba."

Mfamasia akafunga kijitabu chake polepole, akasema, "Mimi nilibadilisha mwezi na klabu." Mpaka leo sijaelewa mtu anabadilishaje klabu.

Sita tulikaa pale, watatu waongo, tena wote watu wa ibada. Mama Miwani akavaa miwani zote mbili kwa pamoja, akasema, "Kwa hiyo katika kazi yote hii mwaminifu alikuwa aliyepeleka kadi kwa mpiga chapa." Mdogo wangu, nilijing'ata mdomo. Sikukutaja. Lako ni lako, utalisema mwenyewe kwa mguu wako, kama ulivyonituma mimi.

Tukaanza upya. Safari hii kila mtu aliandika tarehe, akalaza karatasi kifudifudi mezani, na tukazifunua zote kwa mara moja. Mama Miwani amerudi kwenye 11 yake. Mimi nina 18. Kadi mpya zinachapwa, na kila mmoja amechukua klabu moja isiyo yake awapigie wachezaji simu kuwaeleza. Mwalimu Mstaafu amechukua yangu. Namsikia anavyowaita watu, hakuna atakayethubutu kukataa. Mpaka jana jioni nina arobaini na wawili. Sabini na mbili bado ziko mbali, na msimamizi wa hospitali amekuja na futi kupima milango ya vyumba. Alipima chumba cha tano nikimwangalia.

Wakaniuliza pia kama naweza kuwaonyesha daftari. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Limo ndani ya bahasha hii kubwa, limefungwa kwa uzi wa bluu. Sina nakala. Wewe ndiye utakayewasomea kwenye mkutano wa Julai, ukiwa na ovaroli yako, na hapo uwaeleze mengine uliyoniambia mimi. Ukurasa wa katikati nimeuchana, huo ni wangu na Mungu.

Fungua ukurasa wa mwisho. Kundi la kwanza, shimo la kwanza, karibu na pale mpwa wako atakapokuwa na kengele. Nimeandika wanne. Bwana Matairi, mmoja katika wale wanne wako, Mama Miwani ambaye nimemwalika kucheza, na wa nne ni wewe. Mbele ya jina lako nimeandika kama ninavyowaandikia wengine. "Mgongo mbovu, apewe kigari. Haulizwi kwenye simu. Asipangwe kundi moja na dada yake, watazozana mpaka shimo la kumi na nane." Mimi nitakuwa pembeni na Mama. Anasema atakutambua kwa nyayo, kigari au si kigari.

Posta siiamini, na wewe nakuamini nusu. Nijibu upesi nijue daftari limefika na kama utakuja.

Dada yako.